Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Mbudya na Bongoyo

Kwa wasimamizi wa hifadhi za bahari na maeneo tengefu (MPRU), kwa manahodha na mabaharia wa Msasani na Kunduchi, na kwa wenye vibanda vya chakula visiwani:

Mbudya na Bongoyo ni visiwa viwili vidogo vya matumbawe vilivyo mbele ya pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam. Bongoyo iko jirani na rasi ya Msasani. Mbudya iko kaskazini zaidi, ikitazamana na Mbezi na Kunduchi. Kati ya visiwa hivyo viwili ipo Pangavini, kisiwa kidogo chenye kingo za mawe zilizoliwa na mawimbi na mahali pachache pa kushukia, na kaskazini ya Mbudya lipo Fungu Yasini, ambalo ni mchanga mtupu. Vyote vinne vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975, na mwaka 2007 vikaongezwa visiwa vya upande wa kusini, vikiwamo Sinda na Kendwa. Sheria inayoviongoza leo ni ile ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Mbudya na Bongoyo hazina kijiji, hazina mto. Kuvua samaki, kuvunja matumbawe na kuchukua viumbe vya baharini hakuruhusiwi. Kwa hiyo kila kinacholiwa na kunywewa huko huvushwa kwanza kutoka bara, na kila kinachosalia inabidi kivushwe tena kurudi.

Siku za kazi watu ni wachache. Jumamosi, Jumapili na sikukuu, hasa Idi, Pasaka na siku za mwisho wa mwaka, visiwa hugeuka klabu ya ufukweni isiyo na ukuta: vibanda vya makuti, viti vya plastiki, madeli ya barafu, majiko ya mkaa, spika ndogo zinazoshindana, na watoto waliovaa maboya ya rangi. Kuna tofauti moja kubwa na klabu za ufukwe wa bara. Kule bara mteja asiyeridhika huinuka akaondoka. Mgeni wa kisiwani hana pa kwenda mpaka boti ije. Ndiyo maana taarifa anazopata akiwa bado nchi kavu zina uzito kuliko huduma yoyote atakayokuta ng'ambo. Barua hii inaeleza safari hiyo kwa mpangilio wake, ya kutwa na ya kulala, na kutaja mahali ambapo wahusika watatu waliotajwa juu wanaweza kuirahisisha kwa gharama ndogo.

Boti za Bongoyo huondoka Slipway, Msasani. Za Mbudya huondoka kwenye ufukwe wa Kunduchi na hoteli zilizo jirani. Safari ni kama nusu saa kwa injini, pengine pungufu kwa Mbudya bahari ikiwa shwari. Malipo ni ya aina mbili na hayafai kuchanganywa: kiingilio cha eneo tengefu, ambacho ni mapato ya Serikali, na nauli, ambayo ni ya mwenye chombo. Kiingilio kina viwango vyake kwa raia na kwa wageni kutoka nje. Mtu anayetajiwa bei moja ya jumla, pasipo kuonyeshwa kipi ni kipi, hajui amelipia nini. Akifika kisiwani akaulizwa risiti ndipo ubishi unapoanza, na ubishi wa ufukweni juani hauna mshindi. Kundi la watu kumi hukodi boti nzima kwa bei ya makubaliano. Mmoja au wawili hungoja ijae, na kungoja huko kunaweza kula saa nzuri kuliko zote za asubuhi.

Jaketi okozi huvaliwa na kufungwa kabla ya nanga kung'olewa. Kulikalia, au kumpakatisha mtoto juu yake, si kulivaa. Ukaguzi wa usalama wa vyombo ni kazi ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na utabiri wa upepo na mawimbi hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, ila mwamuzi wa mwisho asubuhi ile ni nahodha. Nahodha anayekataa kuvuka huku wateja wamejipanga na pesa mkononi amefanya kazi yake. Wa kuulizwa maswali ni yule anayekubali baada ya wenzake watatu kukataa. Kwa kawaida hakuna gati la kushukia: boti husogezwa hadi maji ya magoti au mapaja, baharia hushika gubeti, na abiria hujirusha mmoja mmoja huku wakinyanyua nguo. Simu na fedha hukaa salama zaidi ndani ya kopo lenye kifuniko kuliko mfukoni. Wazee na wajawazito huhitaji ngazi, na ngazi ya mbao yenye vidato vitatu si kifaa cha gharama.

Kinachoamua siku itakuwaje, kuliko nauli, kuliko chakula, ni kujaa na kupwa kwa maji. Pwani ya Dar es Salaam maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa hupita saa sita na dakika chache. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, tofauti ikashuka hadi kama mita 1. Hayo watu wa pwani huyajua tangu utotoni. Ambalo wageni wengi kutoka mjini hawalijui ni kwamba bamvua ina saa zake. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hupwa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi jioni. Mpango huo haubadiliki mwezi hadi mwezi, kwa kuwa siku hizo jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, na mstari huo hupita juu ya pwani kwa saa zilezile.

Matokeo yake yanaonekana wazi. Familia inayoshuka Mbudya saa nne na nusu asubuhi ya tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu hukuta bahari imerudi nyuma. Mbele yao ni mchanga wenye makunyanzi ya maji, majani ya bahari yaliyolala upande mmoja, na vidimbwi vya maji moto kati ya mawe. Anayetaka kuogelea atembee hatua nyingi na bado maji yatakuwa ya magoti. Watoto hununa, baba humtazama nahodha kana kwamba ndiye aliyeyamwaga maji. Lakini hiyo, kwa hakika, ni siku njema iliyoanza vibaya: kufikia saa saba maji yamerudi hadi karibu na vibanda, saa tisa ufukwe umebaki ukanda mwembamba, na kuogelea hakuna mfano wake. Siku ya kukwepwa ni nyingine. Siku tatu au nne baada ya mwezi mpevu, kupwa husogea hadi saa sita au saa saba mchana. Mgeni wa kutwa hufika maji yakitoka, hushinda kwenye maji makavu, na huondoka yakiwa njiani kurudi. Amelipa nauli na kiingilio kuja kuyatazama maji kwa mbali. Siku za maji mafu hazina makuu: maji hayatoki sana wala hayaingii sana, na asiyejua kuogelea vizuri huzifaidi kuliko zote.

Maji makavu nayo si hasara kwa kila mtu. Ndiyo saa ya kuviona viti vya pweza, majongoo ya bahari na kaa wadogo wanaobeba kombe la mwenzao, mradi mtu atazame asiokote. Ni saa pia ya kukanyaga shefu. Miiba yake ni myeusi, mirefu, na hukatikia ndani ya ngozi. Mtu aliyevaa yeboyebo au raba kuukuu ana nafasi nzuri zaidi kuliko aliyekuja na ndala, kwa sababu ndala hubaki matopeni mguu ukiendelea na safari. Kwenye mchanga uliofunikwa na maji mtu huburuza nyayo badala ya kuzinyanyua, ili taa aliyelala chini ashtuke na kukimbia kabla hajakanyagwa.

Ufukwe wa kuogelea uko upande unaotazama bara, kwenye kivuli cha kisiwa dhidi ya bahari kuu. Upande wa pili ni mawe ya matumbawe yenye makali, mawimbi hupasuka juu yake, na si mahali pa kujaribia umahiri. Mtu asidhani yupo mwokoaji anayemtazama. Mtoto anayecheza majini huwekewa mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, na zamu hubadilishwa. Pombe na kuogelea hadi kwenye boti zilizotia nanga ni mambo mawili yasiyokwenda pamoja. Injini ya boti inayorudi nyuma haina macho.

Jua la visiwani hudanganya kwa sababu ya upepo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na karibu na katikati ya Oktoba jua hupita utosini kabisa. Katikati ya mchana huko si saa sita kamili bali kama dakika 20 baadaye, na kati ya saa tano na saa tisa mwangaza hurudishwa na mchanga mweupe hadi chini ya kofia. Ngozi nyeusi nayo huungua, ingawa wenye nayo hawapendi kuambiwa. Banda la makuti kwa hiyo si anasa, na siku za sikukuu wanaochelewa hulikosa. Ikiwa banda lina bei yake ya kulikodi, bei hiyo ni sehemu ya gharama ya safari na inapasa kutajwa nchi kavu. Kutajiwa banda baada ya kutandika kanga chini yake ni kuviziwa.

Wenye miwani ya kuzamia huenda kutazama matumbawe. Miamba ya eneo hili imepitia mengi. Kwa miaka mingi uvuvi wa baruti uliipasua miamba mingi karibu na jiji, na mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka na mengi yakafa. Yaliyopo sasa ni ama yaliyosalimika ama yanayokua upya, na ukuaji huo ni wa sentimita chache kwa mwaka kwa aina zinazokimbia, milimita kwa aina za mviringo. Mtu anayesimama juu ya tumbawe kurekebisha miwani yake huvunja kwa sekunde moja kazi ya miaka. Nanga hufanya vibaya zaidi. Hilo la nanga ni la manahodha: maboya ya kufungia boti yakiwekwa penye mchanga, hakuna sababu ya chuma kushuka mwambani.

Chakula ndicho kinachokumbukwa. Mgeni akifika huonyeshwa samaki ndani ya deli, wabichi, juu ya barafu: changu, tasi, pengine kipande cha kolekole, na kamba au ngisi bahari ikikubali. Hawakuvuliwa hapo, maana hapo hapavuliwi, wamevushwa asubuhi. Aliyechaguliwa hupasuliwa mgongoni, hukatwa mistari mitatu kila ubavu, hupakwa chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, kisha hubanwa ndani ya waya na kuwekwa juu ya makaa. Mpishi anayeijua kazi hamgeuzi mara kwa mara. Hungoja mpaka ngozi ianze kuachia waya yenyewe, humgeuza mara moja, humnyunyizia maji ya ndimu yaliyochanganywa na pilipili, na moshi unaoinuka hapo huwaamsha waliolala vibanda vitatu mbali. Huletwa mzima kwenye sahani, kichwa na mkia, pamoja na chipsi au ugali, kachumbari, na pilipili ya kusaga kando. Huliwa kwa mkono. Uma huletwa kwa wanaouomba. Kwa samaki wa namna hiyo, kwa mtu aliyetoka majini, vikwazo vyote vya safari husamehewa.

Husamehewa, ila si bei ambayo haikutajwa. Samaki huuzwa kwa ukubwa, na ukubwa hupimwa kwa jicho la muuzaji. Mzani mdogo wa kuning'iniza ungemaliza neno. Bei ikubaliwe samaki akiwa mbichi, ikiwa pamoja na chipsi na kachumbari, au bila hivyo, ijulikane. Jambo la pili ni muda. Jiko ni moja au mawili, wateja hufika kwa mkupuo boti zinaposhusha, na wote hupata njaa saa saba. Aliyeagiza mara tu aliposhuka hula saa saba. Aliyeagiza saa saba hula saa tisa, na huenda boti yake ikapiga honi akiwa bado anachambua miiba. Wahudumu wangewasaidia wote kwa kuuliza swali moja mgeni anapokaa: boti yenu inarudi saa ngapi?

Maji ya kunywa ni ya chupa na ni ghali kuliko bara, jambo ambalo ni haki kwa kuwa yamevuka bahari, lakini linamfaa mgeni kulijua kabla ili abebe yake. Kadirio la lita 2 kwa mtu mzima kwa kutwa si kubwa kwenye jua lile. Maji ya kuoga na ya vyoo ndiyo shida halisi ya kisiwa chochote kisicho na chanzo chake. Upo mfano wa karibu wa namna ya kuishi nayo. Kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, mwamba wake ulitangazwa hifadhi mwaka 1994, na nyumba 7 tu za wageni zikajengwa, kila moja ikikinga maji ya mvua kwa paa lake na kuyahifadhi chini ya sakafu. Vyoo vyake ni vya mboji, havitumii maji, na umeme ni wa jua. Idadi ya wageni imewekewa kikomo. Bei ya kulala huko haimgusi mkazi wa kawaida wa Mbagala au Tegeta, na si lazima Mbudya iwe Chumbe. Lakini paa linalokinga mvua na choo kisichohitaji maji si teknolojia ya matajiri. Dar es Salaam hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka, masika na vuli, na mvua hiyo sasa huanguka juu ya makuti na kupotelea mchangani. (Wanaotaka kuswali hawana tatizo hilo: maji ya bahari yanatosha kwa udhu. Kinachokosekana ni mkeka safi na kona tulivu mbali na spika.)

Kulala kisiwani ni safari ya aina nyingine, na Mbudya ndiyo inayojulikana zaidi kwa mahema. Ruhusa na malipo ya usiku humalizwa kabla ya kuvuka. Boti za mwisho zikiondoka, kelele hukatika ghafla, na jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima. Giza huingia haraka, si la kujivuta. Ng'ambo taa za Kunduchi na Mbezi huwaka mstari mrefu. Hema husimamishwa juu ya alama ya maji makuu, ile mistari ya majani makavu na vijiti, wala si juu ya mchanga laini ulio chini yake. Siku za bamvua maji hujaa saa kumi jioni na tena saa kumi alfajiri, na aliyepiga hema saa mbili usiku maji yakitoka hudhani ufukwe mpana alioukuta ni wake hadi asubuhi. Saa tisa usiku hujifunza.

Usiku pia ndio wakati wa kaa mkubwa wa nchi kavu, yule apandaye minazi. Huyu ndiye mkubwa kuliko kaa wote wanaoishi nje ya maji. Hufikia kilo 4 na huishi miongo mingi. Akiwa mdogo hubeba kombe kama kaa wa kawaida wa ufukweni, akikua hulitupa. Akiwekwa majini muda mrefu hufa, kwani huvuta hewa, ila jike hushuka hadi baharini kuachia mayai yake. Kukua kwake ni kwa taratibu mno, kwa hiyo kisiwa kinachopoteza kaa wakubwa wachache hakiwarudishi kwa mwaka mmoja wala miaka mitano. Hutoka gizani kutafuta nazi, matunda yaliyoanguka na mabaki ya vyakula. Mgeni akimwona humwacha apite. Humulikwa kidogo kwa tochi, hashikwi, hapigwi picha huku amening'inizwa, na halipiwi mtu yeyote amchome. Koleo zake huvunja nazi, na kidole si kigumu kama nazi. Chakula cha kesho hufungwa ndani ya deli lenye kifuniko kizito, na deli halilali nje ya hema.

Moto wa kuni kutoka msitu wa kisiwa hauwashwi. Mkaa huja kwa boti. Muziki baada ya saa nne usiku ni suala la adabu kwanza, sheria baadaye, lakini ikiwa upo utaratibu, basi uandikwe. Kila kundi linalolala linapaswa kuwa na namba ya simu ya nahodha mmoja anayekubali kupigiwa usiku. Mtu anaweza kuugua, na kati ya kisiwa na hospitali yapo maji.

Kuhusu taka maneno ni machache. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, lakini chupa za maji, vifuniko, mirija na sahani za povu havikuguswa na katazo hilo, na ndivyo vinavyozagaa ufukweni Jumatatu asubuhi. Sehemu ya taka hizo huletwa na mikondo kutoka mito ya jiji, na kuwalaumu wageni peke yao si haki. Sehemu nyingine haikuletwa na mkondo wowote. Amana ndogo ya chupa, inayolipwa pamoja na nauli na kurudishwa kwa anayerudi na chupa zake, ingefanya kazi ambayo mabango ya kuwasihi watu hayajaifanya.

Majira nayo yana neno lake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, joto likiwa kali na bahari mara nyingi tulivu asubuhi. Masika huanza Machi kuelekea Mei, na siku nzima huweza kuharibika kwa mvua. Kusi hukaza Juni hadi Agosti: hewa ni ya baridi ya kupendeza, lakini uvukaji wa jioni huwa wa kuloa, kwa kuwa upepo huongezeka mchana. Kurudi saa nane badala ya saa kumi na moja ni busara miezi hiyo. Septemba hadi Novemba upepo hupoa na maji huwa safi. Wanaojua huzichagua wiki hizo, kabla umati wa Desemba haujafika.

Yanayoombwa kwa wahusika ni haya. Kwa wenye vibanda: bei ya banda, ya samaki kwa kilo na ya chupa ya maji iandikwe mahali panaposomeka na aliyesimama, na mzani uwepo. Kwa manahodha: saa ya kurudi itajwe kwa kila abiria kabla ya kupakia, boti ya mwisho ijulikane ni ipi, na idadi ya waliovushwa ihesabiwe tena jioni kwa majina, si kwa kukadiria. Abiria aliyesahauliwa kisiwani hakuomba kulala. Kwa MPRU: kila sehemu ya kupandia boti, popote ambapo hakuna, pawekwe ubao mmoja kwa Kiswahili kwanza, lugha nyingine zifuate, wenye kiingilio cha raia na cha wageni, utaratibu wa kulala, na yanayokatazwa. Chini ya ubao huo iachwe nafasi tupu ya mistari miwili: leo maji yanapwa saa ngapi, yanajaa saa ngapi.

Mistari hiyo miwili ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote, na ndiyo ya bei nafuu kuliko yote. Jedwali la kujaa na kupwa linajulikana kwa mwaka mzima kabla mwaka haujaanza. Anahitajika mtu mmoja tu, mwenye chaki, wa kulinakili kila asubuhi kabla ya boti ya kwanza, na MPRU inaombwa imteue.